Calepinus ya Padova, chapa ya 1758: kamusi ya Kilatini niliyoileta Moshi kwa mkono

Nianze na jibu ili mwenye haraka aende zake. Kama unasoma Kilatini kwa kukipenda, unakaa na waandishi wa Roma ya kale kama Cicero au Livius jioni bila kusukumwa na mtihani, kamusi hii inunue ukiipata kwa bei ya haki. Kama unatafuta kitabu kikubwa cha ngozi cha kupamba sebule, tafuta kingine. Hiki kitakumalizia meza, na mgeni akishaona hakina picha hatakifungua tena.

Kitabu chenyewe kinaitwa Septem linguarum Calepinus, yaani Calepinus ya lugha saba, kilichochapwa Padova, Italia, kwenye mtambo wa Seminari, chini ya mchapaji Giovanni Manfrè, mwaka 1758. Ni juzuu mbili za ule ukubwa wa kale unaoitwa folio, karatasi ikiwa imekunjwa mara moja tu. Kila neno la Kilatini linapewa wenzake wa Kiebrania, Kigiriki, Kifaransa, Kiitaliano, Kijerumani na Kihispania, halafu linafafanuliwa kwa Kilatini kwa mifano kutoka kwa waandishi wa Roma.

Mimi nimefundisha Kilatini seminari ndogo hadi kustaafu. Kamusi niliyozeeka nayo ni ile ya Waingereza, ya Lewis na Short, iliyotoka mwaka 1879. Nakala yetu ya maktaba ilishikiliwa kwa gundi na kipande cha turubai, na kila kidato kiliiongezea doa lake. Kwa hiyo sikununua Calepinus kwa sababu sina kamusi. Nilitaka kujua walimu wa zamani, wa kabla ya Waingereza na Wajerumani kutuandikia vitabu vyote hivi, walikuwa wanafungua nini wakikwama.

Calepinus ni jina la mtu. Ambrogio Calepino alikuwa mtawa wa Mtakatifu Augustino kutoka Bergamo, kaskazini mwa Italia. Alitoa kamusi yake mwaka 1502 mjini Reggio Emilia, akaendelea kuisahihisha mpaka macho yakamwishia, akafariki mnamo 1510 au 1511 akiwa kipofu. Baada ya hapo kitabu hakikuwa chake tena. Wachapaji wa Venezia, Paris, Lyon na Basel walikichukua kila mmoja kwa zamu yake, wakiongeza maneno na lugha ili toleo lao liuzike kuliko la jirani. Basel mwaka 1590 walifika lugha 11, wakaingiza hata Kipolandi, Kihungaria na Kiingereza. Mwaka 1595 Wajesuti waliokuwa Amakusa, Japani, walichapa kamusi ya Kilatini, Kireno na Kijapani waliyoijenga juu ya Calepino. Kati ya 1502 na 1779 kuna matoleo zaidi ya 200 yanayobeba jina hilo. Muuzaji akikwambia "ninayo Calepino", bado hajakwambia kitu. Muulize ya wapi na ya mwaka gani.

Kwa msomaji, jibu zuri kwa swali hilo ni Padova, kuanzia toleo la 1718. Hapo ndipo Calepinus ilipopitiwa upya na watu waliokijua Kilatini vizuri kuliko waliotangulia, na nitawaeleza hao watu kwa kituo, kwa sababu kisa chao ndicho kilichonifanya nitoe pesa.

Mkuu wa kazi alikuwa Jacopo Facciolati, mwalimu wa seminari ya Padova, mtu mwenye jina kubwa enzi zake. Chini yake alikuwepo mwanafunzi wake, Egidio Forcellini, mtoto wa familia ya kawaida kutoka kijiji cha chini ya milima ya Veneto, aliyezaliwa 1688 na kuingia seminari akiwa na miaka 16. Forcellini ndiye aliyebebeshwa kazi ya kupekua Calepinus ya zamani neno kwa neno, kufuta mifano ya uongo, kuongeza iliyokosekana. Toleo lao likatoka 1718. Katika kuifanya kazi hiyo waliona jambo ambalo hata mimi nikisoma naliona: Calepinus ilikuwa shuka lenye viraka vingi kuliko kitambaa. Dawa ilikuwa kuanza upya kabisa, kwa kusoma waandishi wote wa Roma mmoja mmoja, na kuacha kunakili kamusi zilizotangulia.

Forcellini akaanza upya. Aliifanya kazi hiyo kwa muda wa karibu miaka 40, akikatishwa mara kwa mara na majukumu mengine, ikiwemo kupelekwa Ceneda kuongoza seminari ya huko na kuwa muungamishi wa wanafunzi Padova. Mwenyewe aliandika kwamba alitia mkono kazi hiyo akiwa kijana na mpaka anaimaliza amekuwa mzee. Alifariki 1768 bila kuiona ikichapwa. Ilitoka 1771, juzuu nne, Totius Latinitatis Lexicon, na kamusi nyingi kubwa za Kilatini zilizofuata zina deni kwake. Sasa tazameni ukurasa wa jina wa hiyo kamusi ya 1771: Facciolati anatajwa kwanza, kwa shauri na uangalizi wake, Forcellini anafuata, kwa kazi na juhudi zake. Yeyote aliyewahi kuwa mwalimu wa kawaida chini ya mkuu wa shule maarufu ataelewa mgao huo bila kufafanuliwa.

Maana yake ni hii. Mwaka 1758, nakala yangu ilipokuwa ikichapwa, kamusi bora kuliko hiyo ilikuwa tayari imeshaandikwa kwa mkono ndani ya seminari ileile, imelala inasubiri. Mtambo uliendelea kuchapa Calepinus kwa sababu Calepinus ilikuwa inauzika. Wanafunzi walihitaji kamusi, wauza vitabu walihitaji jina lenye kujulikana. Sioni ubaya. Mtambo wa seminari nao unalisha watu.

Na mtambo huo haukuwa wa mchezo. Uliasisiwa na Kardinali Gregorio Barbarigo mwaka 1684, askofu aliyetaka mapadre wake wajue lugha za mashariki, akahakikisha herufi za lugha hizo zinapatikana. Ndugu zetu wa Zanzibar na Lamu wanaweza kupenda kujua kwamba mwaka 1698 mtambo huohuo ulichapa Qur'ani nzima kwa Kiarabu, pamoja na tafsiri ya Kilatini na hoja za kuipinga za padre Ludovico Marracci. Kuipinga waliipinga, lakini Kiarabu chake walikichapa kwa uangalifu. Ndiyo maana Kiebrania na Kigiriki katika kamusi yangu si mapambo ya kukosewakosewa kama katika vitabu vingine vya wakati huo. Herufi zimekaa sawa, nukta zinaonekana.

Sasa ununuzi. Binti yangu ni muuguzi Padova, na nilipokuwa kwake nilizunguka maduka ya vitabu vya kale kama wengine wanavyozunguka maduka ya viatu. Duka nililonunua sitalitaja, kwa sababu nitakazosema si sifa tupu. Mwenye duka aliandika kwenye kadi: kamili, hali nzuri, euro 480.

Neno "kamili" kwa kitabu cha umri huu halikubaliwi kwa kuambiwa. Chini ya kurasa za vitabu vya zamani, upande wa kulia, kuna herufi na namba ndogo: A, A2, A3, kisha B, B2. Ziliwekwa kumwongoza fundi wa kujalidi, apange makaratasi bila kuvuruga, maana kitabu kilitoka mtamboni kikiwa mafungu ya karatasi zisizoshonwa. Chini kabisa pia kuna neno moja linalosimama peke yake, nalo ni neno la kwanza la ukurasa unaofuata. Ukifuata herufi hizo na hayo maneno kwa subira, unajua kama kuna karatasi iliyotoka. Nikakaa kwenye kiti cha duka nikifuata. Binti akawa anaangalia saa.

"Baba, huyu bwana anataka kufunga."

"Mwambie asubiri. Niko kwenye S."

Kwenye S, juzuu ya pili, neno la chini ya ukurasa halikuwa neno la juu ya ukurasa uliofuata. Karatasi moja ilikuwa imetoka, kurasa mbili za safu mbilimbili. Nikamwita mwenye duka, nikamwonyesha kwa kidole bila kusema lolote. Alivaa miwani, akaangalia, akasema maneno ambayo binti alinitafsiria kwa aibu kidogo: kwani kuna mtu anazisoma hizi, Profesa? Watu wananunua migongo.

Hilo lilinikera kuliko karatasi iliyopotea. Lakini binti amekaa Italia muda mrefu, na mama yake ni mfanyabiashara wa soko la Mbuyuni. Alipomaliza naye, bei ilikuwa euro 340 na mfuko wa kitambaa juu yake. Karatasi iliyokosekana nimeipata kwenye skani ya bure mtandaoni, nikaichapa na kuiweka mahali pake. Haikubandikwa, imelazwa tu, kwa sababu gundi ya dukani ni adui wa karatasi ya zamani.

Kitu kingine nilichokikagua ni mihuri. Hii nawaomba msiipuuze. Italia ina historia ndefu ya vitabu kuhama makao: watawala wa enzi ya Napoleon walifunga nyumba nyingi za watawa, na baada ya nchi kuungana sheria za 1866 zikafunga nyingine, vitabu vyao vikaenda maktaba za serikali na vingine vikatawanyika. Kwa hiyo mhuri wa konventi si kosa. Lakini mhuri wa maktaba ya umma usiokuwa na alama ya kufutwa ni kosa kubwa, na kitabu hicho kirudishe rafuni. Mwaka 2012 ilifichuka kwamba maktaba ya Girolamini huko Naples ilikuwa inaibiwa vitabu vya thamani kwa mamia, na aliyehukumiwa ni mkurugenzi wake mwenyewe. Vitabu vya aina hiyo vinaishia mahali fulani, na mahali hapo ni kwa wanunuzi wasiouliza. Nakala yangu ina jina la padre mmoja kwa wino wa kahawia, limekatwa kwa mstari, na chini yake jina la padre mwingine kwa mwandiko mbaya zaidi. Basi.

Kuhusu kuitoa Italia: mwenye duka alisema weka kwenye begi, nani atakuuliza. Usifuate ushauri huo. Kwa sheria ya Italia kitu cha namna hii kilichozidi miaka 70 hakitoki hivihivi. Kama thamani yake haifiki euro 13,500, mwenye nacho anatoa tamko lake mwenyewe kwa ofisi ya serikali inayosimamia usafirishaji wa vitu vya kale. Ikizidi hapo, ni kibali na ukaguzi. Miswada ya mkono na vitabu vilivyochapwa kabla ya 1501 vina masharti yake, havipiti kwa tamko tu hata vikiwa vya bei ndogo. Tulijaza fomu, tukaweka picha za kitabu, tukangoja. Usumbufu ni mdogo kuliko kunyang'anywa uwanja wa ndege mbele za watu.

Kilimanjaro, afisa forodha alifungua juzuu ya kwanza katikati, akatulia.

"Mzee, hii ni Biblia ya Waprotestanti?"

"Kamusi, mwanangu."

"Kamusi ya nini inakuwa kubwa hivi?"

Nikamwambia. Akanifungia begi mwenyewe, akanisaidia kuliweka kwenye toroli. Kwa pamoja juzuu hizo zinakaribia kilo nane.

Tuingie ndani. Karatasi ndiyo iliyonishangaza. Ni ya matambara: nguo kuukuu za kitani zilizopondwa zikawa uji, zikachotwa kwa fremu ya waya. Ukiinua ukurasa mbele ya dirisha unaona mistari ya waya hizo, myembamba ikiwa imebanana, na mingine iliyoachana ikiikata. Nyeupe bado. Pembeni kuna madoa ya kahawia hapa na pale, na kwenye juzuu ya kwanza mdudu amepita tundu moja kutoka jalada hadi kama herufi B, akakata tamaa. Nimeweka kando yake kitabu cha sarufi ya Kilatini nilichosomea mimi mwenyewe, cha miaka ya hamsini. Kile cha miaka ya hamsini kimegeuka rangi ya chai na kona zinavunjika ukizigusa, kwa sababu karatasi yake ni ya mbao na tindikali inaila kutoka ndani. Cha 1758 naweza kukikunja ukurasa, ingawa sikushauri.

Majalada ni ngozi nyeupe ya mnyama iliyokaushwa bila kutiwa rangi, ile ya kuandikia ya kale, imevutwa juu ya mbao za karatasi ngumu. Ngozi hii inasikia hewa. Mvua za masika zilipoanza majalada yalijikunja kama yanataka kujifungua yenyewe, kiangazi yakatulia. Kwa hapa Moshi inavumilika. Kama unakaa Tanga au Mombasa, fikiria mara mbili, au uwe na sanduku la kubana na uzito wa kuweka juu. Na popote ulipo, usikiweke kitabu hiki kwenye rafu inayogusa ukuta. Mchwa wetu hawachagui lugha.

Chapa yenyewe ni safu mbili kila ukurasa, herufi ndogo lakini safi, ukurasa wa jina una wino mwekundu na mweusi. Atakayesumbuka ni yule ambaye hajawahi kuona s ndefu, ile inayofanana na f isiyo na kimstari chake. Kwa siku za kwanza utasoma fanctus badala ya sanctus. Inaisha.

Chukua mfano, neno ebur. Kwanza jinsia na mwisho wa neno. Kisha mstari wa lugha: Kiebrania shen kwa herufi zake, Kigiriki elephas, Kifaransa ivoire, Kiitaliano avorio, Kihispania marfil, na Kijerumani. Hiyo ni mstari na nusu. Baada ya hapo ndipo kamusi inapoanza kufanya kazi: inakwambia ni jino la tembo, kisha inakupeleka kwenye vitu vilivyotengenezwa kwa pembe na ambavyo washairi waliviita pembe tu, kiti cha mkubwa wa Kirumi, ala ya upanga, zumari. Kila matumizi yana mtu wake aliyeyatumia. Kwa mtu aliyekulia njia ya misafara ya Bagamoyo, kusoma orodha ya starehe za Roma zilizotoka mdomoni mwa tembo si jambo jepesi, lakini hiyo ni habari nyingine.

Hapo ndipo hukumu yangu ilipo. Lugha saba ndizo zilizoandikwa kwa herufi kubwa kwenye ukurasa wa jina, ndizo wauzaji wanazozitangaza, na ndizo zenye faida ndogo kabisa. Kila lugha inapewa neno moja, mawili ikibahatika, bila kusema linatumika lini. Huwezi kujifunza Kijerumani hapo, wala Kihispania. Utajiri uko kwenye maelezo ya Kilatini na mifano, na huo unataka uwe tayari umeshavuka hatua ya mwanzo. Mwanafunzi wa kidato cha kwanza anayehitaji kujua puer ni nini ataondoka na kizunguzungu.

Nina kijana wa seminari ananijia nyumbani kwa masomo ya ziada. Siku moja alikuwa anatafuta sacramentum katika maandishi ya Augustino. Simu yake ilimpa jibu kabla sijafungua jalada. Calepinus, tulipoifikia, uzito wake wote ulikuwa kwenye fedha ambayo wadai wa Kirumi waliweka rehani mahakamani, na kiapo cha askari. Sakramenti tulizofundishwa katekesi zilisukumwa pembeni.

"Mwalimu, mbona kitabu cha mapadre hakijui sakramenti?"

Swali zuri sana. Wale walimu wa Padova walitaka Kilatini cha Cicero, safi, wakayatilia mashaka maneno na maana zilizokuja baadaye. Kwa hiyo, pamoja na kutoka seminari, kamusi hii ni dhaifu kwa Kilatini cha Kanisa. Anayesoma rejesta za ubatizo za misheni, hati za maaskofu au waandishi wa karne za kati asiitegemee. Kwa hayo kuna Du Cange, aliyetoa kamusi yake ya Kilatini cha baadaye mwaka 1678, na matoleo yake yanapatikana bure mtandaoni.

Dosari nyingine ni marejeo. Inapotaja Plinius, mwandishi mwingine wa Roma, namba za sura ni za mpangilio wa zamani, hazilingani na vitabu vya leo, utapoteza muda kuzitafuta. Na mahali pengine mfano umekatwa mfupi mno hata huoni umetoka kwenye sentensi gani. Ukitaka uhakika wa mwisho, fungua Forcellini, au ile kamusi kubwa ya Munich waliyoianza 1894 na hadi leo hawajafika Z.

Basi kwa nini bado nasema inunuliwe? Kwa sababu inasomeka. Lewis na Short wamebana kila kitu kwa vifupisho mpaka ukurasa unafanana na hesabu. Hapa mtu anakueleza kwa sentensi, kwa Kilatini rahisi na kizuri, na unapotoka kwenye neno moja umeshafanya mazoezi ya kusoma. Jioni nyingi naifungua kwa neno moja nafunga baada ya kumi. Waliowahi kukaa na kamusi ya Kiswahili na Kifaransa ya padre Charles Sacleux, ile ya 1939, wanaijua hali hiyo: unaingia kutafuta kitu, unakuta umesahau ulichofuata.

Bei sasa. Nakala kamili za Padova za karne ya 18, juzuu mbili zenye majalada ya asili, nimeona zikiulizwa kati ya euro 300 na 700, kutegemea mdudu na mwenye duka. Zile za karne ya 16 zinapanda zaidi, na kwa msomaji hazina faida ya ziada, unalipia umri. Kama huna hela hiyo, skani za matoleo mengi ziko Internet Archive na Google Books bila malipo. Kigiriki na Kiebrania chake mara nyingi kimefifia kwenye skani, na kurasa nyingine mkono wa mfanyakazi umeingia kwenye picha, lakini Kilatini kinasomeka. Anzia huko. Ukiona baada ya miezi bado unairudia, ndipo uongee na muuzaji.

Na mkienda kununua, nendeni na mtu anayejua lugha ya wenyeji na asiye na haya kwenye bei. Binti anasema ameona Forcellini ya 1771 kwenye dirisha la duka lingine, juzuu zote nne. Nimemwambia aulize bei, ila asimwambie mama yake mpaka nimpe ruhusa.